Basi la Posa na Sufuria ya Bi Zuwena

Tangu turudi Ibra simu ya nyumba hii hainyamazi. Kila anayepiga huniuliza hali, huuliza habari za mvua ambayo hainyeshi, kisha hufika alikokuwa akienda tangu mwanzo: "Maimuna, ilikuwaje huko Tanuf?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia shangazi yangu Bi Zuwena hukaa pembeni akinikosoa. Kwa hiyo naandika. Someni, mpeane, mniache nipumzike.

Kwa wale walioko Unguja na Daresalama ambao hawajui mwanzo wake: mdogo wangu Khalfan, injinia wa maji, alihamishiwa Nizwa, na huko ofisini akamwona Thuraya, binti wa Sheikh Said wa Tanuf. Tukapeleka posa. Wanaume wachache walikwenda kwa gari ndogo, wakapewa kahawa, wakapewa halua, wakapewa na jibu: "Tutaangalia." Huku bara ya Omani "tutaangalia" ni hapana iliyovaa kilemba. Sababu haikutajwa, ila sote tuliisikia. Sisi ni Wazanzibari. Mababu zetu walitoka Ibra hiihii kwenda Unguja, na sisi tumerudi, lakini kwa baadhi ya watu kurudi kwetu bado ni kama kuingilia dirishani. Isitoshe, yupo mtoto wa ami yake Thuraya, kijana safi, mwenye gari safi, aliyekuwa akingoja tushindwe.

Kisha Sheikh Said akatuma neno: njooni siku ya tatu ya Idi, njooni nyote, tukuoneni. Baada ya hapo angetoa jibu la mwisho, na likiwa hapana, binti angeolewa na mtoto wa ami yake kabla ya mwezi kuisha. Khalfan alikuwa amekonda mpaka mkanda wa jambia ukamwishia matundu. Nami ndiye niliyemlea pamoja na Bi Zuwena tangu mama yetu afariki, kwa hiyo msidhani nilipanda basi lile kwa ajili ya matembezi.

Ibra hadi Sur: kwenda kinyume

Ukitoka Ibra kwenda Tanuf, unaelekea machweo. Sisi tulielekea mawio. Posa haiendi bila ya Ami Seif, kaka wa marehemu baba, na Ami Seif anakaa Sur, na gari ndogo humsokota tumbo. Basi kubwa halimsokoti. Kwa hiyo ukoo mzima, wanawake nyuma na wanaume mbele, tulipakiwa kwenye basi kwenda kumchukua mzee mmoja.

Dereva wetu Hamud, Bedui wa Bidiya, mtu wa heshima zake, alisimamisha basi hata kabla hatujatoka mjini. Akanigeukia mimi, mwalimu ninayejua Kiarabu.

"Ya ustadha, Tanuf iko kule," alisema kwa Kiarabu, akionyesha nyuma.

"Tunajua," nikamjibu.

Akamtaja Mungu, akaendelea.

Bi Zuwena alipanda na mkeka, kapu la nazi, jiko dogo la gesi, na mbuzi yake ya kukunia. Hamud hajapata kuona mbuzi ya kukunia nazi. Aliizunguka. Akaniuliza iweje kigoda kiwe na ulimi wa chuma, na nani anakalia. Nikamweleza. Njia nzima mpaka Sur alikuwa akiitazama kwenye kioo chake, kama aliyempakia mtu asiyemwamini.

Sur, Ami Seif alitupokea kwa chakula cha kwao cha sasa: papa mkavu aliyechambuliwa nyuzinyuzi, akachanganywa na kitunguu na ndimu, unakula na wali mweupe. Mimi nilionja kwa woga nikarudia bila haya. Ulikuwa ukali mtupu unaoamsha ulimi, na chumvi ya kutosha kumkaushia mtu machozi. Bi Zuwena hakugusa. Amekaa Omani miaka na miaka na bado anakula kama anayesubiri meli ya kumrudisha Forodhani.

"Papa ni wa nazi," alisema. "Huyu amefanywa kachumbari. Amekosa nini maskini?"

Hata hivyo asubuhi, baada ya kulala hapo, nilimkuta anamfunga papa mkavu mzima kwenye gazeti. Nikauliza wa nini. Akaniambia nisimuulize mkubwa maswali. Papa akawekwa chini ya kiti changu, na tangu hapo kila aliyepanda basi alijua tumetoka Sur bila ya kuambiwa.

Bidiya: maziwa ya Kiarabu

Tulikuwa tumeahidi kufika Tanuf adhuhuri, chakula cha mchana. Ningependa mliweke hilo akilini.

Hamud hawezi kupita Bidiya bila ya kumsalimia mama yake, na mama yake hawezi kuona basi zima likapita bila ya kulinywesha. Ngamia akakamuliwa mbele yetu, bakuli likaja na povu mpaka juu, lina joto bado. Nilikunywa mafunda mawili. Ladha yake ni ya maziwa yaliyokaa karibu na moto na karibu na chumvi, na si mabaya, ila unajua kabisa kwamba hayakukusudiwa wewe.

Wanawake wote tulipeleka mdomoni na kurudisha kwa adabu. Ami Seif, kwa upande wake, alikuwa na jambo la kuthibitisha. Watu wa Tanuf wana shaka na uarabu wetu? Basi Hamud ashuhudie. Alimaliza bakuli, akajifuta masharubu, akaomba jengine.

"Ami, taratibu," Khalfan alimwambia.

"Mwanangu, haya ndiyo maziwa waliyokunywa babu zako."

Huenda. Lakini babu zetu hawakuyanywa wakapanda basi. Mwendo mfupi tu kutoka hapo Ami Seif alianza kunyamaza, na Ami Seif hanyamazi. Kisha akamgonga Hamud begani. Mkoa huu wa Sharqiyah umebarikiwa kila kitu, mchanga, mitende, anga, isipokuwa kichaka cha kujisitiri mtu mzima aliyevaa kanzu nyeupe. Tulisimama, tukaendelea, tukasimama. Kila akishuka wanaume waliteremka pia wakasimama wamempa mgongo, ukuta mzima wa kanzu za Idi kando ya barabara kuu, na wenye magari wakawa wanatupigia honi wakidhani tunasali.

Ibra tena: mlango wetu

Saa ambayo Sheikh Said alikuwa pengine anatandika majamvi, sisi tulikuwa tunapita mbele ya nyumba yetu wenyewe, tuliyoitoka jana. Nilisema hapa tusisimame. Bi Zuwena akakumbuka ghafla kwamba hakufunga gesi.

Gesi alikuwa nayo ndani ya basi. Nilimkumbusha. Akasema kuna gesi nyengine.

Alirudi amebeba sufuria ile kubwa ya harusi, ambayo watu wawili huishika masikio. Hapo ndipo nilipopata hofu ya kweli, maana sufuria, nazi, jiko na papa, hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kujumlisha.

"Shangazi, hupiki."

"Nani kasema napika?"

Sinaw tulipita sokoni kwa sababu Ami Seif alihitaji duka la dawa. Hamud akanunua dagaa wakavu wa Kiomani, akanimiminia kiganjani. Wanaliwa hivyohivyo, kwa mchanga wao. Nilitafuna huku najipa moyo kwamba hili ni jambo la kuwasimulia. Hili hapa, nimesimulia.

Birkat al Mauz: mapishi kando ya mfereji

Kama mji hukuutaka uwe na ndizi, usiuite Birika la Ndizi. Bi Zuwena aliona migomba kutoka dirishani akapiga ukelele, na Hamud akakanyaga breki kwa kudhani tumegonga mtu.

Mwenye bustani alikuwa anafungulia maji ya mfereji. Bi Zuwena alinyoosha kidole kwenye mkungu mbichi, kijani kibichi. Kiarabu chake ni cha sala, kwa hiyo nilitafsiri mimi.

"Hizo bado, mama," yule bwana alisema. "Zikiiva rudini."

"Mwambie nazitaka hivyo."

"Za ng'ombe?" aliuliza kwa upole.

"Anauliza za ng'ombe," nikamwambia shangazi.

"Mwambie za wakwe."

Nilimwambia. Alinitazama kwa huruma, na naamini huruma ile ilikuwa ya hao wakwe.

Sasa nilisema wazi. Nilimwambia tunangojewa kwa chakula, tumeshachelewa, na kwamba huku bara mgeni hapeleki chakula, mgeni analishwa. Bi Zuwena alikuwa ameshaketi juu ya mbuzi yake, nazi mkononi.

"Haendi mtu posa kwa mikono mitupu," alisema. "Bibi yako alipokwenda kumposea baba'ako, sufuria ilitoka Malindi mpaka Vuga, mjini Unguja, na watu wakaiona. Halua ya dukani hupeleka kila mtu. Ninachokipika kwa mkono wangu ndicho kinachosema namtaka mtoto wao. Khalfan! Njoo umenye."

Na Khalfan, bwana harusi mtarajiwa, na kanzu yake mpya, na kilemba chake cha Kashmiri, na jambia la babu, alichutama kando ya mfereji akamenya ndizi mbichi. Hakubisha. Mtu akishakuwa na hofu kiasi kile humenya chochote. Utomvu ukamrukia kwenye mkono wa kanzu, na nyote mnajua utomvu wa mgomba: haufi. Dakika chache baadaye alikuwa na doa jeusi mfano wa ramani. Tulilisugua kwa maji ya mfereji likatanda vizuri zaidi.

Basi zima lilikaa chini ya migomba likisubiri ndizi ziive kwa nazi na papa na pilipili. Harufu, nitasema haki, ilikuwa ya nyumbani hasa. Wazee kadhaa walipangusa macho. Jua nalo halikusubiri.

Tanuf: kuulizwa habari

Jambo la kwanza unaloliona Tanuf ni mji wa zamani, kuta za udongo zilizobomoka tangu vile vita vya mlimani vya wakati wa wazee wetu, hakuna anayekaa. Hamud akasimamisha hapo kuuliza njia.

Bi Zuwena akachungulia. "Khalfan, mwanangu. Ndiyo nyumba yao hii? Hata paa?"

"Shangazi, haya ni magofu."

"Naona ni magofu. Nauliza wanalala wapi."

Nyumba ya Sheikh Said ilikuwa ya saruji, kubwa, mlangoni wanaume wamesimama, na alasiri imeshaadhiniwa. Walitupokea kwa bashasha isiyo na lawama hata chembe, jambo lililonitia baridi zaidi kuliko lawama. Wanaume wakaingia majlisi, ukumbi wao wa wageni, wanawake tukapitishwa ndani. Sufuria ikaingia na sisi, imefungwa blanketi, imebebwa na binamu zangu wawili wa kike.

Yaliyotokea kwa wanaume nimeyapata kwa Khalfan. Mnaijua ada ya huku: mgeni akishakaa huulizwa rasmi, habari gani, mambo gani? Na hata kama umezika njiani, unajibu, "Hakuna habari, alhamdulillahi." Unakula kwanza. Yako utayasema baadaye. Lakini Ami Seif amekulia Unguja, na Unguja ukiulizwa unajibu.

Sheikh Said akauliza, "Habari gani?"

Ami Seif akamweleza. Alianza na mgongo wake. Akaja kwa ngamia. Akataja vituo vyote alivyoshuka, na sababu, na matokeo. Majlisi nzima ya wazee wa Tanuf, anasema Khalfan, ilikuwa inatazama zulia. Kisha akasema, kwa kutaka tu kuomba radhi kwa kuchelewa, "Tungefika adhuhuri, ila tulisimama kupika."

"Kupika nini?" aliuliza Sheikh Said.

"Chakula. Cha kuja nacho hapa."

Khalfan anasema hapo ndipo alipouficha mkono wenye doa, na akaona kwamba doa si kitu tena.

Chumba cha wanawake

Sisi tulikuwa tumeshawekewa sinia la shuwa, ile nyama iliyozikwa kwenye tanuri ya ardhini tangu juzi, imefungwa kwa majani, mpaka inaachana na mfupa kwa kutazamwa tu. Mimi nilikuwa nakula. Sitaki kusema uongo, nilikuwa nakula sana. Bi Zuwena alikuwa anapapasa wali pembeni, maana kwake nyama inayotoka ardhini ni kazi ya fisi. Mama yake Thuraya, Bi Shamsa, aliitwa mlangoni na mumewe. Aliporudi uso wake ulikuwa mwengine. Akaketi karibu na sufuria yetu.

"Mume wangu ameniuliza swali," alisema, "na mimi sina jibu, kwa hiyo nauliza nyinyi. Nyama hii imekaa chini ya ardhi kwa ajili yenu. Nyinyi mmepika njiani. Mlisikia kwetu hakuwashwi moto?"

Kando yake alikaa mke wa ami yake Thuraya, mama wa yule kijana mwenye gari safi. Alitabasamu, akajiongezea kahawa.

Nilimtafsiria Bi Zuwena, neno kwa neno. Mkono ulimwendea mdomoni. Nilidhani atanisukuma nijibu mimi, mwalimu, msomi wa Kiarabu. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo si yake:

"Mwambie mimi sikuzaa. Huyu ndiye mwanangu. Mwambie mtu akija kwangu kutaka mtoto, nami nikaona amejipikia mwenyewe, hajatuma duka, ningejua anamtaka kweli. Sikuleta chakula kwa kuwa kwao hamna. Nimeleta mkono wangu. Sina kingine."

Nilitafsiri.

Bi Shamsa aliinuka akaenda chumba cha ndani, akarudi amemshika mkono Thuraya, ambaye kwa ada hakupaswa kuonekana siku ile hata kidogo. Msichana mrefu, macho makavu, hakuonekana kama mtu aliyekuwa amelala. Mama yake akafungua blanketi, akapakua.

"Wamekupikia," alimwambia. "Ukienda ndicho utakachokula. Kula, tukuone."

Thuraya akanawa, akakaa, akala. Ndizi mbichi za nazi, papa, pilipili ya Bi Zuwena ambayo haina rafiki. Chumba kizima kilikuwa kinatazama taya zake. Alitafuna polepole kama anayesoma. Machozi yakamlengalenga. Hakuacha. Alimaliza sahani mpaka rojo, akafuta vidole. Mke wa ami yake akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Maskini mtoto."

Mnajua pia kwamba kwetu mwari akiulizwa, kimya chake ndiyo idhini yake. Hakuna aliyetarajia neno. Sisi tulikuwa tunaomba kimya.

"Mama," Thuraya alisema, "ndizi hazina ladha. Na papa ana chumvi."

Nilifumba macho.

"Lakini nitakwenda," akasema.

Bi Shamsa akavuta sufuria, akachukua kipande, akatafuna, akatafakari. "Wallahi, kweli hazina ladha," alisema, na akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyebeba kitu kizito kwa siku nyingi akakitua. Akanyofoa paja la shuwa, akaliweka mbele ya Bi Zuwena. "Na wewe sasa. Tukuone."

Bi Zuwena aliitazama ile nyama. Akasoma bismillahi ndefu kuliko kawaida. Akala, akala yote, na vigelegele vilipopigwa alikuwa bado anatafuna.

Wanaume, kwa taarifa yenu, waliendelea na mashauriano mpaka karibu na magharibi, kwa hotuba na hadithi za mababu, wakaafikiana kwa hekima kubwa jambo ambalo sisi tulikuwa tumeshalinywea kahawa.

Kurudi

Nilitoka kuosha sufuria mferejini, na Khalfan akanifuata, ametoroka majlisi.

"Dada, huko ndani wamesemaje?"

"Amesema ndizi hazina ladha."

Uso wake uliporomoka, na mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nilimwacha hivyo kidogo. Kisha nikamwambia mengine. Alikaa palepale chini, na kanzu yake ya Idi, kwenye tope, akalia kama alivyolia akiwa mdogo, bila ya kujificha. Nikakaa karibu naye nikalia na mimi. Sikuona haya. Kwa miezi mingi niliogopa kwamba mdogo wangu atanyimwa mke kwa sababu ya mahali tulipozaliwa, na siku ile hofu ile iliniondoka.

Kwenye basi watu waliimba mpaka wakachoka. Bi Zuwena peke yake hakuimba. Alikaa kando yangu, mikono mapajani, anatazama nje, na tulikuwa tumeshaipita Sinaw nilipomuuliza kama amekasirika.

"Hazina ladha," alisema. "Mbele ya watu."

"Shangazi, tumepata mke."

"Nimesikia."

Kisha akasema, bila ya kunigeukia:

"Msema kweli yule. Afadhali aje. Nyinyi nyote tangu mkiwa watoto mnaniambia ndizi zangu tamu."

Nilitazama nyuma kutafuta wa kumkanusha. Basi zima lilikuwa limesikia, na kila mtu ghafla alikuwa amelala, hata Ami Seif.